Zege na daftari: kupunguza uzito kwa kuhesabu kalori bila kuacha chipsi

Nilipoanza nilikuwa na kilo 94, urefu sentimita 171, umri miaka 38, na kazi ya kukaa kwenye kiti Posta kutwa nzima. Kila jioni nikishuka daladala pua ilinipeleka kibandani kabla miguu haijafika nyumbani. Nilishajaribu kuacha chipsi mara tatu. Wiki ya kwanza matango na maji ya limau, wiki ya pili hasira kwa watoto, wiki ya tatu zege mbili, yaani chipsi mayai, kwa mkupuo mmoja. Mara ya nne nikaziacha chipsi zilipo, ila kila kinachopita mdomoni kikaandikwa. Miezi minane baadaye mizani ilisoma 82. Ninachoandika hapa ni utaratibu wenyewe, kwa anayekula Dar au popote penye karai la mafuta barabarani. Nami si daktari.

Kwanza tuondoe shaka kama jambo hili linawezekana. Mwaka 2010 Mark Haub, mwalimu wa lishe katika Chuo Kikuu cha Kansas State nchini Marekani, alikula kwa wiki kumi vyakula vya aina ya keki za paketi, biskuti na chipsi kavu za mahindi, akijizuia kwenye kalori kama 1,800 kwa siku. Alipungua ratili 27, yaani kilo 12 hivi. Miaka michache baadaye mwalimu wa sayansi wa Iowa, John Cisna, alikula McDonald's kwa siku 90, akijiwekea kalori 2,000 kwa siku na kutembea dakika 45, naye akapungua ratili 37. Haub alikuwa akimeza pia vidonge vya vitamini na kula mboga kidogo, na mwenyewe alikataa kusema kwamba chakula kile ni cha afya. Hoja yake ilikuwa moja tu: mwili unapopata nguvu pungufu ya inayotumika, unachota kwenye akiba. Hauulizi nguvu hiyo ilitoka kwenye keki au kwenye mchicha.

Ugumu unaanza unapoileta hesabu hiyo kwetu. Cisna alikuwa na wanafunzi waliompangia milo kwa sababu kila kitu kwenye ile menyu kina namba. Zege ya kibandani haina namba. Kijana anamimina mafuta kwa kukadiria macho, leo viazi vimejaa, kesho vimepungua, na ukimuuliza kalori atadhani unamkopa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuipa namba sahani isiyo na lebo.

Nani asianze peke yake

Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mwenye ugonjwa wa figo, na yeyote aliyewahi kujinyima chakula hadi kuugua. Mgonjwa wa kisukari akikata chakula ghafla huku dozi ni ileile, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Hao waanzie kliniki. Mwenye presha naye ajue kwamba kalori zikikaa sawa, chumvi ya chipsi haijaenda popote.

Hatua ya kwanza: jua mwili wako unatumia kiasi gani

Kanuni ninayotumia ni ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990. Chukua uzito kwa kilo, zidisha kwa 10. Chukua urefu kwa sentimita, zidisha kwa 6.25. Jumlisha. Toa umri mara 5. Mwanaume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Hiyo ni nguvu ambayo mwili ungetumia hata ukilala kutwa. Halafu zidisha kwa 1.2 kama hutembei kabisa, au 1.375 kama unatembea kwenda kituoni, unapanda ngazi, unafanya kazi ndogondogo za nyumbani. Fundi ujenzi au mama anayebeba ndoo kutwa atatumia 1.55 au zaidi.

Mimi ilikuja hivi: 940 jumlisha 1,069, toa 190, ongeza 5, ikawa 1,824. Mara 1.375 ni kama 2,500. Nikatoa 500, nikabaki na bajeti ya 2,000 kwa siku.

Mwanamke wa miaka 32, kilo 84, sentimita 162, atapata 1,531, mara 1.375 ni karibu 2,100. Akitoa 500 anabaki na 1,600.

Kwa nini 500? Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kubeba kalori 7,700. Mia tano kwa siku ni 3,500 kwa wiki, yaani karibu nusu kilo. Ni mwendo wa kobe, lakini unaweza kuumudu huku ukiendelea kula kitu unachokipenda. Anayetaka kilo tano kwa wiki atafute mganga. Na mwanamke asishuke chini ya 1,200, mwanaume chini ya 1,500, bila mtaalamu wa lishe kumwangalia.

Jambo dogo la lugha: kwenye paketi utaona "kcal". Hiyo ndiyo kalori tunayoizungumzia. Ukikuta "kJ" peke yake, gawa kwa 4.2.

Hatua ya pili: mizani ya jikoni, daftari, na majuma mawili ya ukweli

Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kariakoo zipo tele, na bei yake utaifidia kwa chipsi chache utakazoziacha. Hii ndiyo gharama pekee ya lazima. Programu za simu ni nzuri lakini zina mtego: ukiandika "chapati" nyingi zitakuletea chapati ya Kihindi, nyembamba, ya kuchoma kavu, yenye kalori mia moja na kitu. Chapati yetu ya kusukuma, inayopakwa mafuta ndani, ikakunjwa, ikasukumwa tena na kukaangwa juu ya mafuta, inafika 250 hadi 300. Kosa moja kama hilo kila asubuhi linameza theluthi ya upungufu wako.

Chanzo kizuri zaidi ni majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Kenya nao wana yao ya mwaka 2018. Yanapatikana bure mtandaoni na yana vyakula tunavyovijua kwa majina.

Wiki mbili za kwanza usipunguze chochote. Kula kama kawaida, andika tu. Najua watu huruka hatua hii. Mimi mwenyewe niliiruka mara ya kwanza na nikarudi. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha uchunguzi wa watu wanene walioapa kwamba wanakula kidogo na hawapungui. Walipopimwa kwa njia zisizotegemea maneno yao, ilionekana wameripoti karibu nusu tu ya walichokula. Si lazima walikuwa waongo. Ni rahisi kusahau vionjo vya jikoni, mafuta ya kukaangia, soda ya kusindikiza na kipande cha mtoto alichobakiza. Mimi daftari langu la kwanza lilionyesha kwamba maandazi mawili ya saa nne, ambayo sikuwahi kuyaita chakula, yalikuwa kalori 400.

Andika hapo hapo. Ukisema utaandika usiku, utaandika unachokumbuka, na tumbo lina kumbukumbu fupi.

Hatua ya tatu: ipe namba sahani ya kibanda chako

Hapa ndipo pa kukaa. Nenda kwa muuzaji wako wa kila siku, agiza kama unavyoagiza siku zote, lakini chukua ya kufungasha. Fika nyumbani kabla hujaonja. Weka sahani tupu kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, mimina chipsi peke yake, soma. Kisha kuku au mishkaki peke yake. Fanya hivyo siku tatu tofauti, chukua wastani. Sahani ya kawaida niliyokuwa nikipewa mimi ilikuwa gramu 230 kwa wastani, siku ya mkono mwepesi 200, siku ya kufunga biashara 290, maana jioni sana kijana humwaga zilizobaki.

Chipsi za kukaangwa kwenye mafuta mengi huhesabiwa kama kalori 310 kwa gramu 100. Gramu 230 ni zaidi kidogo ya 700. Ukiambiwa hivyo unakilaumu kiazi, na kiazi hakina kosa. Kiazi kibichi kina kalori 77 tu kwa gramu 100. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walilinganisha vyakula 38 kwa jinsi vinavyoshibisha, na kilichoshika namba moja ni kiazi cha kuchemsha. Kilichotokea karaini ni hiki: kiazi kimepoteza maji, nafasi ikachukuliwa na mafuta, hadi gramu 15 hivi katika kila gramu 100 za chipsi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu ya wanga au protini ina 4. Hesabu ya chakula cha mtaani, ukiichambua, ni hesabu ya mafuta. Ukijua mafuta yameingia kiasi gani, umemaliza kazi.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120. Iandike kwenye jalada la daftari.

Sasa zege. Chipsi gramu 200 ni 620. Mayai mawili ni 145. Halafu mafuta ya kikaangio. Simama pale uangalie: wengi humimina sawa na vijiko viwili vikubwa, na kwa kuwa yai linamwagwa juu ya chipsi na kuziba kila upenyo, mafuta hayo hayana pa kwenda ila tumboni kwako. Ni 240 nyingine. Jumla inagonga 1,000. Kwa mtu wa bajeti ya 2,000, zege moja ni nusu ya siku. Kwa dada wa 1,600 ni zaidi ya hapo. Inawezekana kuila. Haiwezekani kuila kama kitafunwa huku ukisubiri chakula cha usiku nyumbani, jambo nililokuwa nikilifanya.

Makadirio mengine yaliyonisaidia, yote ya kukisia kwa upande wa juu: mshikaki mmoja wa ng'ombe wenye vipande vinne vidogo, 80. Robo kuku wa kisasa, paja, wa kukaanga na ngozi yake, 400. Akichomwa na ukamvua ngozi, chini ya 300. Sambusa ya nyama moja, 140. Andazi moja, 200. Kijiko kikubwa cha mayonezi, 100. Tomato sosi kijiko kikubwa, 20. Kachumbari isiyo na mafuta, hesabu 20 kwa sahani nzima na usijisumbue. Pilipili ni bure.

Ukiwa na shaka, ongeza. Sahani usiyoijua, ya mtaa mwingine, ongeza asilimia 20 juu ya makadirio yako. Ukikosea kwa kuzidisha, mizani itakufurahisha mwisho wa wiki. Ukikosea kwa kupunguza utabaki unalalamika kwamba una "mwili mzito".

Hatua ya nne: ongea na anayekaanga

Watu huona aibu. Muuzaji ukishakuwa mteja wake wa kila siku atakusikiliza kuliko daktari wako. Kijana wa kibandani kwetu huniita braza, nami humwita mdogo wangu, na siku ya kwanza nilipomwambia "chipsi nusu, mishkaki mitano," aliuliza kama hali imekuwa ngumu. Siku hizi hata sisemi.

Yafuatayo yana uzito kwenye hesabu. Kwanza, nusu chipsi na nyama zaidi. Gramu 120 za chipsi ni 370, mishkaki mitano ni 400, jumla 770, na unashiba kuliko sahani nzima ya chipsi kavu kwa sababu protini inakaa tumboni. Pili, achuje. Mafuta mengi hayaingii kwenye kiazi kikiwa kinachemka karaini, maana mvuke unasukuma kutoka ndani kwenda nje. Yanaingia kikishatolewa, kinapoanza kupoa na kuyafyonza yaliyoganda juu yake. Kwa hiyo chujio likitikiswa vizuri palepale juu ya karai, kabla hazijamwagwa kwenye kabati la vioo, inasaidia. Chipsi zilizokaa kabatini kisha zikarudishwa kwenye mafuta kupashwa moto zimekunywa mara mbili. Omba zilizotoka sasa hivi, au kula ulichokuta ukijua bei yake.

Tatu, yai. Badala ya zege, omba mayai mawili ya kuchemsha kama anayo. Zinaondoka 240 zote za kikaangio, na hakuna aliyekunyima chipsi wala yai. Najua, si zege tena. Kuna siku nitakula mayai ya kuchemsha, na kuna siku nataka zege yenyewe, iliyoungua pembeni. Siku hiyo naandika 1,000 bila kubishana.

Angalia pia rangi ya mafuta. Yakiwa meusi kama chai ya rangi na yanatoa povu na moshi, ondoka. Hilo halihusu kalori hata kidogo.

Vinywaji

Hapa sina mengi. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina kalori kama 150, ya nusu lita zaidi ya 200, na tumbo haliihesabu kama chakula. Juisi ya miwa na juisi ya embe iliyotiwa sukari ziko kundi hilohilo, hata kama zimekamuliwa mbele yako. Bia ya nusu lita ni kama 200. Kijiko cha chai cha sukari, kilichojaa kilima kama tunavyojaza, ni 25. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni 225 kwa siku. Nilipohamia kwenye maji na soda isiyo na sukari, nusu ya upungufu wangu wa siku ilitoka hapo bila kugusa chipsi. Kama utafuata hatua moja tu kati ya zote hizi, fuata hii.

Hatua ya tano: panga siku kuanzia jioni kurudi asubuhi

Watu wa mlo husema kula asubuhi kama mfalme. Mimi najijua: jaribu langu lipo saa moja usiku kituoni. Kwa hiyo natenga kwanza kalori za jioni, 800, kisha nagawa zilizobaki. Siku yangu ya kawaida ilikuwa hivi.

Asubuhi: chai ya rangi yenye kijiko kimoja cha sukari, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi mbivu moja. Kama 270.

Mchana: ugali, samaki wa kuchoma, mchicha. Ugali unahesabiwa kwa unga, maana maji hayana kalori na ugali wa kila nyumba una ugumu wake. Gramu 120 za unga wa sembe ni 430. Samaki 200. Mchicha wenye kijiko kikubwa kimoja cha mafuta 150. Jumla 780. Kwa mama ntilie huwezi kupima unga. Mimi nilipima ugali wa nyumbani siku moja, nikauangalia vizuri ulivyokaa kwenye sahani, na tangu hapo nikawa namwambia mama apunguze hadi pale. Alininung'unikia kwamba nadharau chakula chake. Nikaendelea kumlipa bei ileile na kumwomba mboga za majani zaidi, yakaisha.

Jioni: nusu chipsi, mishkaki mitano, kachumbari, maji. 790.

Jumla 1,840. Zinabaki 160: kiganja cha karanga, au machungwa mawili. Siku ya zege, mchana unakuwa samaki na mboga na ugali nusu, na karanga hazipo.

Usifunge kutwa nzima ili ule zege mbili usiku. Nilijaribu. Nilifika kibandani na njaa ya mtu aliyepotea porini, na mkono uliokuwa unapaswa kuandika ulikuwa umeshika kuku.

Mboga na matunda yasitoke kwenye mpango hata siku ya chipsi. Kalori zinaamua uzito, lakini haja kubwa, ngozi, damu na usingizi vina mahitaji yao. Lengo langu lilikuwa tunda moja na mboga ya majani kila siku, na chipsi zisizidi mara nne kwa wiki. Kila jioni ilikuwa desturi, si njaa.

Migahawa ya boksi

KFC ilifungua Nairobi mwaka 2011 na Dar miaka miwili baadaye, na siku hizi kuku wa boksi, baga na piza viko kila penye taa nyingi. Faida yao kwa mtu wa daftari ni kwamba vipande vinafanana leo na kesho, kwa hiyo ukishapata namba unaitumia muda mrefu. Hatari yao ni "kombo": baga, chipsi, soda, vyote kwa bei inayokufanya ujione mjinga kununua baga peke yake. Baga ndogo ya nyama moja ni 250 hadi 300. Ongeza jibini, nyama ya pili na mayonezi, inapita 700. Ongeza chipsi na soda na umemaliza zaidi ya nusu ya siku. Nunua baga peke yake na ukubali kuonekana mjinga.

Kula taratibu pia. Kevin Hall, wakati huo mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliwaweka watu 20 ndani ya wodi ya utafiti, matokeo yakatoka mwaka 2019: walipopewa vyakula vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku kuliko walipopewa vyakula vya kawaida, ingawa waliruhusiwa kula watakavyo pande zote mbili. Walikula kwa kasi zaidi pia. Mia tano ndiyo ile ile tuliyoitoa katika hatua ya kwanza.

Hatua ya sita: mizani ya mwili, na asubuhi baada ya chipsi

Jipime kila asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya chai, nguo zilezile. Andika. Jumapili jumlisha siku saba, gawa kwa saba. Wastani ndio uzito wako. Namba za siku moja moja ni kelele. Asubuhi baada ya chipsi zenye chumvi, mizani inaweza kuruka kilo nzima. Hayo ni maji yaliyoshikwa na chumvi, hujanenepa usiku mmoja. Kilo moja ya mafuta ingehitaji kalori 7,700 za ziada, karibu zege nane juu ya chakula chako cha kawaida. Wanawake wataona mruko kama huo karibu na siku zao. Linganisha wiki na wiki, na kwa mwanamke mwezi na mwezi.

Harusi, kipaimara, futari ya kwa shemeji: hesabu kwa wiki. Elfu mbili mara saba ni 14,000. Jumamosi ikienda 3,000, siku tano zinazofuata toa 200 kila moja. Sinia la pilau usilipime mbele za watu. Kadiria, ongeza asilimia 20, cheza muziki.

Mazoezi nayo ni mazuri kwa moyo na kichwa, lakini usiyale. Saa nzima ya kutembea kwa mtu wa kilo 90 ni kama kalori 300, yaani andazi moja na nusu. Ukitembea saa moja kisha ukajizawadia zege umerudi nyuma. Kwenye daftari langu matembezi yana safu yake pembeni, hayaongezi bajeti.

Uzito ukigoma

Wastani ukikaa palepale wiki tatu, angalia vitu viwili kwa mpangilio huu. Kwanza daftari limelegea: rudi kupima sahani ya kibanda upya, maana kijana anaweza kuwa amebadilishwa na wa sasa ana mkono mzito. Kwangu mara mbili ilikuwa hivyo. Pili, mwili umepungua na matumizi yake yamepungua. Nilipofika kilo 82 kanuni ileile ilinipa 2,340 badala ya 2,500, kwa hiyo bajeti ya 2,000 ilikuwa inakata 340 tu. Piga hesabu upya kila baada ya kilo tano. Uchague: punguza 100 au 150, au ukubali mwendo wa polepole. Mimi nilikubali.

Ukifika unapotaka, usirudi kula kwa macho siku ileile. Ongeza 100 kwa siku, kaa wiki mbili, angalia wastani, ongeza tena, hadi uzito usimame. Mimi nilisimama kwenye 2,300, ambayo ni zege moja ya Ijumaa bila kumnyima mtu chochote. Siandiki tena kila siku. Najipima Jumatatu tu, na nimejiwekea mpaka wa kilo 84. Imeshagusa mara moja, baada ya likizo ya Desemba kijijini. Daftari lilirudi mezani wiki tatu.